Muulize Bi Mwalimu: Ulilinganisha na Nini?

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani kwangu Kibokoni, alasiri, kusi ikivuma. Nyingine zimekuja kwa simu, moja imeandikwa kwa kalamu na kuletwa mlangoni na kijana wa bodaboda. Nimechagua tano. Moja ni ya dawa, nyingine ya ngamia, ya malezi, ya damu, na ya maji ya kisima. Nilipozipanga mezani nikaona zote zinaelekea kwenye swali nililokuwa nikiliandika ubaoni, kwa miaka 31, kabla wanafunzi hawajaingia maabarani: *Ulilinganisha na nini?*

Bi Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa miaka mitatu alishikwa na kikohozi. Mzee mmoja auzaye dawa za miti Marikiti alinipa chupa ya asali iliyotiwa tangawizi na habasoda, shilingi 300. Siku ya nane kikohozi kikaisha. Wifi yangu asema hiyo si ithibati. Mtoto amepona mbele ya macho yangu, nataka ithibati gani tena? – Mama Wawili, Mtongwe

Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi mtoto ni mzima, hilo ndilo la kwanza.

Kuhusu wifi yako, nisikilize kisa kilichotokea hapa hapa kwetu. Tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari ya Mombasa. Mabaharia wake walikuwa na miezi mingi majini, na kiseyeye kilikuwa kimewatesa: mikono na miguu inafura, fizi zinavimba mpaka zinafunika meno, mtu hawezi kutafuna. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Mmoja wa wasafiri hao alikuwa akiandika habari za safari siku kwa siku, na kuhusu kupona kule akaandika kwamba ni rehema ya Mungu, kwa kuwa hewa ya mji huu ni nzuri sana.

Hewa! Na machungwa wameyamenya kwa mikono yao wenyewe.

Kila nipitapo Ngome ya Yesu nikaona wauza madafu na machungwa pale nje, mimi hukikumbuka kisa hiki, na huumia. Watu wale hawakuwa wajinga. Siku walipofika hapa walibadilisha mambo mengi kwa pamoja: walipata hewa ya nchi kavu, mapumziko, nyama mbichi na matunda. Lipi limewaponya? Kwa kutazama tu huwezi kujua, hata ukitazama kwa macho mawili makali. Na kwa kutojua, mabaharia waliendelea kufa kwa kiseyeye, maelfu kwa maelfu, kwa karne mbili na zaidi.

Mwaka 1747 daktari wa meli mmoja wa Uingereza, James Lind, akiwa katika meli HMS Salisbury, alichukua wagonjwa 12 wa kiseyeye waliofanana hali. Aliwalaza mahali pamoja na kuwalisha chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili. Wawili aliwapa mvinyo wa tofaa, wawili matone ya asidi ya salfa, wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili dawa nzito ya kulamba iliyopondwa kwa kitunguu saumu na haradali, na wawili wa mwisho aliwapa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda yakaisha siku ya sita. Lakini siku hiyo ya sita mmoja wa wale wala machungwa alikuwa ameshaweza kurudi kazini, na mwenziwe alikuwa akiwashinda wote waliobaki. Wale kumi ndio waliotoa ushahidi, mwanangu. Bila wao, wawili waliopona wangekuwa hadithi tu, kama ile ya hewa ya Mombasa. (Na hata hivyo jeshi la wanamaji la Uingereza lilikawia mpaka 1795 kuagiza maji ya limau yagawiwe melini. Kujua ni kazi moja, kukubali ni nyingine.)

Sasa turudi kwa mwanao. Kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto huisha chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu. Siku nane zako zimo humo. Kwa hiyo swali haliwi "je, alipona?" Swali ni "bila ile chupa, angepona siku ya ngapi?" Hilo huwezi kulijua kwa mtoto mmoja, kwa sababu mtoto yule yule hawezi kuugua kikohozi kile kile mara mbili, mara moja na dawa na mara moja bila.

Lakini usiitupe chupa. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio la watoto 105 wenye kikohozi cha usiku. Waliwagawa kwa bahati nasibu: wengine asali, wengine dawa ya kikohozi ya dukani iliyotiwa ladha ya asali, wengine hawakupewa kitu. Usiku wa pili wote walikuwa na nafuu, hata wale wasiopewa chochote! Ila waliokunywa asali walipata nafuu zaidi kuliko wasiopewa kitu. Kwa hiyo mzee wako wa Marikiti huenda ana haki kuhusu asali. Tangawizi na habasoda ni habari nyingine, na shilingi 300 pia ni habari nyingine.

Jambo moja nakuomba ulishike kwa mikono miwili: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, maana inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo utumbo wake mchanga hauwezi kuzizuia, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumulia. Na mtoto wa umri wowote akipumua kwa kasi, au kifua kikibonyea ndani akivuta pumzi, hapo hakuna cha chupa. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Bi Mwalimu, mimi napandisha watu ngamia ufuoni, upande wa Nyali. Ngamia wangu anajua hesabu. Nikimuuliza mbili na tatu anapiga mguu mchangani mara tano. Wageni wanashangaa. Rafiki yangu asema ni uchawi, mimi nasema ni akili. – Kijana wa Ufuoni

Mwanangu, alikuwapo farasi mjini Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, jina lake Hans, mwenyewe akiwa mwalimu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten. Hans alijumlisha, alitoa, alitaja tarehe, yote kwa kupiga kwato. Mwaka 1904 iliundwa kamati ya wataalamu, ikamchunguza, isione hila yoyote. Na kweli hila haikuwapo, mzee yule alikuwa mkweli.

Akaja mwanasaikolojia kijana, Oskar Pfungst, akauliza maswali mawili ambayo wengine hawakuyawaza. Je, farasi akiulizwa na mtu *asiyejua jibu*? Na je, akizibwa asimwone anayeuliza? Kote kuwili Hans alikosea karibu kila mara. Pfungst akagundua kwamba muulizaji, bila kujijua, huinamisha kichwa kidogo mno anapomaliza kuuliza, na kwato zinapofika idadi sahihi huinua kichwa kidogo, mwili ukalegea. Hans alikuwa akiusoma mwili wa mtu. Akili hiyo si haba! Ila si hesabu.

Basi jaribu hivi. Andika namba ndogo kwenye vikaratasi, vikunje, watu wawili wavute kimoja kimoja, kila mmoja amnong'oneze ngamia namba yake bila mwenzake kuijua, naye ngamia ajumlishe, nawe simama mbali asikokuona. Rudia mara kumi. Andika majibu yote kumi, mazuri na mabaya. Nina hamu sana ya kujua. Na ukiona amekosea, usimpige wala usimwone mjinga. Mnyama anayekusoma uso kiasi hicho amekuzoea na kukusikiliza kuliko watu wengi.

Kwa hofu kama hiyo ya Hans, watafiti wa dawa hadi leo huficha vidonge: mgonjwa hajui kama amepewa dawa ya kweli au ya bandia, na daktari anayempima pia hajui. Wote wawili huinamisha vichwa bila kujijua.

Shikamoo Bi Mwalimu. Wifi yangu aliona video ya watoto wanaojaribiwa kwa peremende, akamfanyia mwanangu wa miaka minne. Alimwekea kipande cha halua, akamwambia akisubiri mpaka arudi atapewa viwili. Mtoto alikula hata kabla mlango haujafungwa. Wifi asema mtoto asiyeweza kusubiri hatafaulu maishani. Silali. – Mama wa Bamburi

Lala, mwanangu. Na mawifi wa mwezi huu wana kazi.

Jaribio hilo lilianzishwa na Walter Mischel huko Stanford, Marekani, kuanzia miaka ya 1960, kwa watoto wa shule ya chekechea ya chuo kikuu hicho. Miaka mingi baadaye aliwafuatilia baadhi yao, akaona waliosubiri zaidi walifanya vizuri zaidi shuleni. Habari ikaenea dunia nzima. Lakini ni watoto gani wale? Wengi wao ni wa wasomi wa chuo kimoja. Mwaka 2018 watafiti wengine walilipima upya jambo hilo kwa zaidi ya watoto 900 wa familia za kila namna. Uhusiano ulipungua kwa karibu nusu, na walipolinganisha watoto wa hali moja ya nyumbani na uwezo mmoja wa awali, theluthi mbili za uliobaki zikayeyuka.

Na lipo lingine lililonifurahisha zaidi. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio lililowalinganisha watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa kabila la Nso, wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kamerun. Wanso waliwekewa maandazi madogo ya kwao. Karibu 70 kati ya kila 100 walisubiri. Wajerumani hawakufika 30. Watoto wa Nso walikaa kimya tu, wengine wakalala usingizi pale pale kitini. Basi kusubiri ni jambo linalofunzwa, kila nyumba kwa namna yake.

Kisha lipo la Rochester, Marekani, la 2013. Kabla ya jaribio, mtu mzima aliwaahidi watoto rangi nzuri za kuchorea. Nusu yao waliletewa, nusu waliambiwa "samahani, hazipo." Walioletewa walisubiri peremende kwa wastani wa dakika 12. Walioahidiwa uongo walisubiri dakika 3. Watoto walikuwa 28 tu, nami sijengi nyumba juu ya watoto 28, lakini lanifanya nikuulize kwa upole: huyo shangazi yake ana desturi ya kutimiza ahadi za halua? Maana huenda mtoto alipiga hesabu yake vizuri sana.

Bi Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni baba, nakaa Mikindani. Wamekuja watafiti, wanataka kupima damu ya wanangu wawili waone kama ina madini ya risasi. Mama watoto amekataa, asema hatuwi panya wa maabara. Na kitu kimoja sikielewi: wanakwenda kupima pia watoto wa mtaa mwingine, mbali, ambao hawana shida yoyote. Si kupoteza pesa? – Baba wa Mikindani

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitaanza na la mwisho.

Unaijua Owino Uhuru, ni jirani zako. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa ubavuni mwa kijiji mwaka 2007, kikafungwa 2014 baada ya kina mama wa pale, wakiongozwa na Phyllis Omido, kupiga kelele kwa miaka. Mwaka uliofuata watoto wa Owino Uhuru walipimwa damu. Sasa fikiri: mngeambiwa "watoto hawa wana wastani wa mikrogramu 7 na kitu za risasi katika kila desilita ya damu," mngejuaje ni nyingi au kidogo? Huenda watoto wote wa Mombasa wako hivyo, kwa rangi za kuta, kwa moshi, kwa mabomba. Ndiyo maana walipimwa pia watoto wa kijiji cha Bangladesh (si ile nchi, ni mtaa wa hapa hapa Mombasa), watu wa hali ile ile ya maisha, mabati yale yale, ila hawakuwa na kiwanda kile mlangoni. Wao walikuwa na wastani wa chini ya 4. Nusu, ndugu yangu. Kama wale wa Bangladesh wasingepimwa, kila mtu angesema analotaka. Mtu mwenye kiwanda angesema ni umaskini, mwanasiasa angesema ni fitina. Wale watoto wa mbali "wasio na shida" ndio waliowasemea wenzao.

Kesi ya wanakijiji iliamuliwa Mombasa mwaka 2020, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo, wale watoto wanakua.

Sina budi kusema pia kwamba risasi haifanyiwi jaribio kama la machungwa. Hakuna mtu mwenye imani atakayewagawa watoto makundi mawili na kuwapa wengine sumu. Kwa hiyo mtafiti hutafuta mahali ambapo binadamu ameshakosea, akalinganisha. Ni kazi ya huzuni.

Sasa la mama watoto. Usimkemee. Ana sababu, na sababu zake zimeandikwa vitabuni. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Marekani, serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu ili ione ugonjwa unavyokwenda, huku wakidanganywa kwamba wanatibiwa. Penisilini ilikuwa imekuwa dawa ya kawaida ya kaswende tangu miaka ya 1940, nao hawakupewa. Na mimi mwenyewe yamenifika, ingawa madogo. Shule moja niliyofundisha walikuja watu na mizani na vipimo, wakawapima wasichana wangu damu, urefu na uzito kwa wiki mbili. Wasichana walifurahi, waliahidiwa majibu. Majibu hayakurudi mpaka wakamaliza kidato cha nne. Mmoja aliniuliza mlangoni siku ya kuondoka, "Mwalimu, ile damu yangu ilisemaje?" Sikuwa na la kumjibu, na hasira ile sijaimaliza.

Basi kabla ya kutia sahihi, wewe na mama watoto muwaite wale watafiti mkae nao chini, muulize. Karatasi ya ridhaa iko kwa Kiswahili? Kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kiko wapi, na kamati gani ya maadili imeupitisha utafiti? Damu itatumiwa kwa nini, na itahifadhiwa au itatupwa? Majibu ya mtoto wangu nitapewa lini, na yakiwa mabaya nani atamtibu? Mtafiti mzuri huyapenda maswali haya. Mkikataa ni haki yenu, na mkikubali leo mkajitoa kesho ni haki yenu vile vile, na mtoto asinyimwe matibabu yake ya kawaida kwa ajili hiyo.

Mimi ningekubali, lakini nasema kwa kuwa nimeona hapa pwani yetu utafiti ulioendeshwa kwa heshima umeleta nini. Ng'ambo ya Mtwapa, kule Kilifi, mnamo miaka ya 1990 vijiji viligawiwa: vingine vikapata vyandarua vilivyotiwa dawa, vingine vikabaki kama vilivyokuwa. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa theluthi moja katika vijiji vyenye vyandarua. Theluthi! Chandarua unachokifunga usiku kina deni kwa vijiji vya Kilifi, vya makundi yote mawili.

Na lingine, ambalo nikilisimulia huwa nasimama kidogo. Mtoto mwenye homa kali anayefika hospitali mikono imepoa, damu haizunguki vizuri, kwa miaka mingi madaktari waliamini aingizwe maji ya dripu kwa kasi. Ilikuwa katika miongozo. Kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Kilifi na Kathryn Maitland likaona hakuna aliyewahi kulipima vya kutosha jambo hilo Afrika, kwa watoto wetu. Walishirikisha watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2011: kati ya kila 100 waliotiwa maji kwa kasi, zaidi ya 10 walifariki ndani ya saa 48, kati ya wasiotiwa kwa kasi, ni 7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufika idadi iliyopangwa. Madaktari wema, wenye nia njema, walikuwa wakidhuru bila kujua, na wasingejua milele kama hakuna kundi la kulinganisha.

Mkisubiri kuamua, fanyeni haya nyumbani. Risasi huingia kwa vumbi, na mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara nne au tano zaidi ya wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wanawe mikono kabla ya kula. Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe kavu. Viatu vibaki nje. Wasikae na tumbo tupu asubuhi nzima, na chakula kiwe na madini ya chuma na kalisi, dagaa na mchicha vinatosha kuanzia, kwa kuwa mwili wenye njaa ya madini hayo huipokea risasi kwa pupa.

Bi Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tatu, Kisauni. Nataka kufanya mradi wa maonyesho ya sayansi kuhusu maji ya visima vyetu. Yana chumvi, na vingine viko karibu na vyoo. Nataka kupima chumvi, viini, na njia za kuyasafisha. Shuleni hatuna vifaa. Nianze wapi? – Mjukuu Wako

Marahaba, mjukuu wangu. Anza kwa kupunguza. Umetaja miradi mitatu. Viini viache, kuviotesha kunataka maabara iliyofungwa vizuri na mtu anayejua. Lakini chaguo lako la chumvi ni zuri, na vifaa unavyo, ila hujavitambua.

Umezaliwa pwani, unajua bamvua na maji mafu. Muulize mvuvi yeyote: mwezi ukiandama na mwezi mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, katikati ya hapo, hujaa kidogo. Ardhi ya Kisauni chini ni mawe ya matumbawe, yana matundu kama sifongo. Basi swali lako liwe moja: *je, maji ya kisima huwa na chumvi zaidi siku za bamvua kuliko siku za maji mafu?* Mimi jibu silijui kwa visima vyako, na wewe hulijui, na hiyo ndiyo raha yake.

Chagua visima vitatu, kimoja karibu na bahari, kimoja katikati, kimoja mbali. Pima umbali kwa hatua. Teka lita moja kila kisima, wakati maji yamejaa, siku ya bamvua, kisha siku ya maji mafu. Chemsha kwenye sufuria mpaka kibaki kidogo, halafu hamishia kibakuli chepesi cha bati ulichokipima kikiwa kitupu. Suuza sufuria kwa maji ya mvua kidogo, nayo uyatie humo. Kausha kwa moto mdogo, na ufunike kwa sahani ukiacha mwanya, kwa sababu chumvi ikikauka huruka na kupotea. Pima tena. Tofauti ndiyo yaliyokuwemo majini. Usiandike "chumvi" tupu, andika "vilivyoyeyuka," maana humo mna chokaa ya matumbawe pia.

Sasa, utalinganisha na nini? Chukua lita moja ya maji ya bahari: yatakupa takriban gramu 35. Na lita moja ya maji ya mvua: yakupe karibu na sifuri. Kama mvua imekupa gramu mbili, kuna kosa katika vyombo vyako, na heri ulijue mapema. Maji yakizidi gramu moja kwa lita, watu wengi huanza kuona ladha haifai kunywa.

Rudia kila kipimo mara tatu, katika bamvua tatu tofauti. Usione uvivu hapo. Mwaka 2015 watafiti wa saikolojia walichapisha matokeo ya kurudia majaribio 100 ya wenzao, na ni 36 tu kati yake yaliyotoa tena matokeo ya wazi. Hao ni maprofesa, wana maabara.

Na mkumbuke ngamia wa Nyali. Mpe rafiki yako azibandike chupa namba, wewe usijue ipi ni ya kisima gani mpaka umalize kupima. Ukijua, mkono wako utainamisha kichwa.

Maji ya mvua usiyakinge ya mwanzo, yale husomba vumbi la bati na mavi ya kunguru. Acha bati lioshwe kwanza. Mizani ya jikoni haitafaa, haioni chini ya gramu moja. Lakini sonara anaona hata sehemu ya gramu, ndiyo kazi yake. Nimeshazungumza na mmoja wa mtaani kwangu hapa Mji wa Kale, amekubali kukupimia bure ukija asubuhi kabla ya wateja. Njoo na vibakuli vikavu, vyote vimefunikwa, na daftari.